Roboti za marudio: Kitega uchumi au burudani tu?

KWENYE meza za wamachinga kuanzia Maili Moja hadi Tumbi, mjini Kibaha, si ajabu kumkuta mtoto akimng'ang'ania mzazi wake amnunulie roboti inayogeuka lori. Siku hizi, hata hivyo, anayeishika na kuigeuzageuza mara nyingi ni mzazi mwenyewe.

Sababu ni kumbukumbu. Huku Bara televisheni ilianza kuenea mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Wengi wetu tulizikuta roboti hizi kwenye marobota ya mitumba, zikiwa zimekatika mkono au hazina tairi, wakati sisi tukiunda magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili. Leo tuna kipato, na viwanda vinalijua hilo.

Asili ya roboti hizi ni Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na midoli ya aina mbili, Diaclone na Microman. Hasbro ya Marekani ikaingia nayo mkataba na kuanza kuiuza kwa jina la Transformers mwaka 1984. Takara iliungana na Tomy mwaka 2006, na filamu ya mwaka 2007 ikaamsha upya hamu ya dunia nzima.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, fahamu kwamba sokoni kuna bidhaa za aina nne. Mkulima atazielewa haraka akizifananisha na mbegu.

Ya kwanza ni ya asili, iliyotengenezwa miaka ya 1980. Ya pili ni ya marudio, inayotoka katika kalibu ileile ya zamani au nakala yake halali. Ya tatu imesanifiwa upya: sura ni ya zamani, lakini viungo na mageuzi ni mapya, kama mbegu chotara. Mfano ni mfululizo wa Masterpiece, ulioanza mwaka 2003 na roboti ya Optimus Prime, ambayo Japani inaitwa Convoy. Ya nne ni feki.

Tatizo ni kwamba mbegu ina lebo ya TOSCI ambayo mkulima anaweza kuihakiki, lakini mdoli hauna. Mimi mwenyewe niliwahi kununua Dar es Salaam boksi lililonakshiwa vizuri, kwa fedha ambayo ingetosha kununua mifuko kadhaa ya chakula cha kuku. Mara ya tatu kuigeuza, bawaba ya bega ilikatika. Niliporudi, muuzaji alinionyesha maandishi kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu wa kukagua.

Kwanza, mhuri. Angalia maandishi ya kampuni na mwaka yaliyochongwa kwenye plastiki. Hata hivyo, mwaka peke yake si ushahidi, kwa kuwa marudio yanaweza kubaki na mwaka wa kalibu ya zamani.

Pili, tofauti ndogondogo. Optimus Prime ya marudio iliyouzwa Marekani mwaka 2002 ilifupishwa mabomba ya moshi kwa ajili ya usalama wa watoto. Anayekuuzia yenye mabomba mafupi akidai ni ya mwaka 1984, mwache aende zake.

Tatu, viungo. Kiungo kizuri hukaza bila kukwaruza, na roboti husimama bila kuegemezwa. Michirizi myeupe kwenye plastiki ni dalili kwamba inakaribia kupasuka.

Nne, aina ya plastiki. Baadhi ya midoli ya zamani yenye plastiki iliyochanganywa na chembe za rangi ya dhahabu hupukutika hata ikiwa haijatolewa kwenye boksi. Kwa midoli hiyo, marudio yanaweza kuwa chaguo bora kuliko ya asili.

Je, faida ipo? Tupige hesabu ya mfano. Chukulia umeagiza roboti ya marudio, na ukijumlisha bei, usafiri, ushuru wa forodha na VAT imekugharimu Sh350,000. Baada ya miaka mitano unaiuza Sh400,000. Utaona umepata Sh50,000, lakini hiyo ni wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka. Mfumuko wa bei nchini kwa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1. Ukiendelea kwa kasi hiyo, thamani halisi ya fedha yako itakuwa imepungua.

Aidha, kiwanda kinaweza kufyatua toleo jingine wakati wowote. Bidhaa iliyokuwa adimu ikirudi sokoni, bei ya zile zilizokwishafunguliwa huteremka, kama nyanya zinavyoteremka wakulima wote wanapovuna pamoja. Ya asili ambayo haijafunguliwa huhimili zaidi, lakini joto na unyevu wa Pwani huvimbisha boksi, hubandua stika na jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa njano.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni huu. Ukitaka kitega uchumi, banda la kuku bado lina hesabu inayoeleweka zaidi. Ukitaka burudani, nunua iliyosanifiwa upya, kwa fedha ambayo isingelipa ada wala mbolea, uiweke mbali na dirisha na utoe betri kama inazo. Ukiuziwa feki, usinyamaze: Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Ile yangu iliyokatika bega bado ipo rafuni. Mwanangu ameifunga kwa waya, na anaichezea kuliko zote nilizoagiza kwa gharama.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo na mkazi wa Tumbi, Kibaha.