Tandiko Safi, Mgongo Mzima

Tandiko la punda ni kitambaa kinachokaa kati ya mgongo wa mnyama na mzigo wake. Hunyonya jasho, hupunguza msuguano na husambaza uzito ili usielemee sehemu moja. Farasi naye ana kitambaa cha namna hiyo chini ya kiti cha kupandia, na kanuni za kukisafisha ni zilezile. Ila Mwanza na mikoa jirani ya Shinyanga, Simiyu na Geita farasi ni nadra tangu zamani. Mbung'o waenezao nagana, pamoja na tauni ya farasi, viliwafanya farasi washindwe kustawi huku. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19 iliyofika Ziwa Victoria, ukiwamo wa John Hanning Speke aliyeliona ziwa kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858, ilitegemea mabega ya wapagazi. Punda, aliye mstahimilivu zaidi, ndiye aliyebaki kuwa mnyama wa mzigo wa eneo hili la Usukumani akisaidiana na maksai. Hubeba maji, kuni, mahindi na mpunga, ama mgongoni kwa sogi, ama kwa kuvuta mkokoteni.

Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Uzito huo wote hukaa juu ya kitambaa ambacho katika kaya nyingi hufuliwa kinapoanza kunuka tu. Ufuaji wa tandiko ni sehemu ya matunzo ya mnyama, na unastahili utaratibu.

Uchafu unavyoumiza

Jasho likikauka huacha chumvi. Chumvi hiyo ikichanganyika na nywele zilizopukutika, mafuta ya ngozi na vumbi, hugandamana na kukifanya kitambaa kiwe kigumu na chenye kukwaruza kama msasa. Mnyama akitembea, kitambaa husugua nywele mpaka zikatike, ngozi huwa nyekundu, kisha huchubuka. Inzi hufuata, na mchubuko mdogo hugeuka kidonda chenye usaha. Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Hata hivyo, punda anayegoma ghafla kila akitandikwa anapaswa kukaguliwa mgongo kabla ya kuinuliwa fimbo.

Aina ya kitambaa huamua namna ya kukifua. Blanketi kuukuu la pamba hunyonya jasho vizuri na huvumilia maji ya moto. Blanketi la sufu ni laini na huachia hewa, lakini maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu hulifanya lisinyae na kukakamaa. Gunia la katani ni imara, ila nyuzi zake huchoma, hivyo linafaa kuwa tabaka la juu tu. Sponji iliyoshonewa kitambaa hupunguza mgandamizo wa mzigo mgongoni, lakini hushika maji na huchelewa kukauka. Kiroba cha plastiki hakifai kugusa ngozi kabisa, kwa kuwa hakinyonyi jasho na huunguza mgongo juani.

Kulikagua kabla ya kulilowesha

Kabla ya kufua, tandiko lililotoka mgongoni punde litandazwe chini, upande wa ngozi ukiwa juu. Alama za jasho huonyesha jinsi mzigo ulivyokaa. Jasho likienea sawasawa kulia na kushoto, huku sehemu ya katikati iliyo juu ya uti wa mgongo ikiwa haijagandamizwa, mzigo ulikaa vyema. Baka kavu katikati ya eneo lililolowa huashiria kwamba hapo palibanwa mno hata jasho likashindwa kutoka. Nywele fupi zilizokatika huonyesha mahali kitambaa kiliposugua. Tone la damu au majimaji ya manjano maana yake kidonda kimeshaanza. Mgongo wenyewe upapaswe sehemu hizohizo, na punda mwenye kidonda apumzishwe hadi kipone. Tandiko likishaingia kwenye beseni, alama hizi zote hupotea.

Maji na mahali pa kufulia

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana madini machache, kwa hiyo sabuni hutoa povu upesi. Visima vingi virefu vya bara la Usukuma hutoa maji magumu au yenye chumvi, ambamo sabuni hugeuka utando mweupe unaonata kwenye nyuzi. Penye maji ya namna hiyo, maji ya mvua yaliyokingwa au ya bomba ni bora. Tangu mradi wa Ihelele wilayani Misungwi uzinduliwe mwaka 2009, maji ya ziwa husafirishwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama.

Hata hivyo, ulaini wa maji usiwe sababu ya kufulia ziwani. Ufukwe wa Mwanza, visiwa vya Ukerewe na vijiji vya kando ya ziwa ni maeneo ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hasa mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Kwa kuwa nje ya konokono haviishi muda mrefu, maji yaliyotekwa bila konokono na kuwekwa kwenye pipa kwa siku mbili huwa salama kufulia. Anayeteka naye asiingie majini kwa miguu mitupu bila sababu.

Ziwa nalo lina haki yake. Sabuni na kinyesi cha mifugo huongeza rutuba majini, mwani wa kijani hustawi na magugumaji hupata chakula. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoharibu mazingira. Tandiko lifuliwe nyumbani kwenye beseni au karai, na maji machafu yamwagwe kwenye udongo wenye nyasi, mbali na kisima.

Hatua za kufua

Kazi huanza tandiko likiwa kavu. Tandiko lianikwe, kisha likung'utwe na kupigwa kwa fimbo hadi vumbi liishe. Nywele ziondolewe kwa brashi ngumu kwa kufuata mwelekeo mmoja. Nywele zikiloweshwa kabla ya kuondolewa hujisokota ndani ya nyuzi, na hazitoki tena kwa urahisi.

Baada ya hapo tandiko lilowekwe kwenye maji baridi yasiyo na sabuni kwa nusu saa. Maji hayo huyeyusha chumvi ya jasho, na mara nyingi hutoka yakiwa na rangi ya chai. Yamwagwe, na ikibidi kazi hiyo irudiwe. Ndipo sabuni ya mche au ya unga iingie, kwa kiasi. Pamba na katani husuguliwa kwa brashi au dodoki. Sufu hukandamizwa polepole ndani ya maji ya vuguvugu, bila kusuguliwa wala kusokotwa. Sponji hubonyezwa na kuachiwa mara nyingi hadi maji yanayotoka yawe safi.

Kila doa na dawa yake

Damu na usaha ni protini, na protini ikikutana na maji ya moto huganda ndani ya nyuzi. Doa bichi lioshwe kwa maji baridi na chumvi kidogo, kisha sabuni. Doa kavu lilowekwe usiku kucha kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga. Likigoma, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa hutoa povu na kulilegeza, ila inaweza kupausha kitambaa cha rangi.

Tope jeusi la mbuga, udongo unaonata wakati wa masika, lisiguswe likiwa bichi. Kulisugua ni kulisukuma ndani. Liachwe likauke kabisa, lipasuliwe kwa vidole, lipigwe brashi, na doa linalobaki lifuliwe kwa sabuni. Udongo wa kichanga uitwao luseni hauhitaji zaidi ya kukung'utwa.

Kinyesi hukwanguliwa kwanza. Rangi ya kijani inayobaki hutokana na majani, na hulegea ikipanguswa kwa pamba yenye spiriti kabla ya kufuliwa.

Grisi ya ekseli ya mkokoteni ndiyo sugu kuliko yote. Ikwanguliwe kwa mgongo wa kisu, inyunyiziwe unga wa mahindi na iachwe saa kadhaa ili unga ufyonze mafuta. Unga ukishakung'utwa, doa lipakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisuguliwe na kuoshwa kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyovumilia. Petroli na mafuta ya taa huondoa grisi, lakini mabaki yake huunguza ngozi ya mnyama na ni hatari karibu na moto. Mafuta ya dagaa na sangara huondolewa kwa njia hiyohiyo ya sabuni ya vyombo. Kwenye pamba na katani, magadi kidogo husaidia kuyakata pamoja na harufu yake, mradi yasuuzwe vyema. Sufu isiguswe na magadi.

Kutu ya vikuku na minyororo huondolewa kwa maji ya ndimu na chumvi, kitambaa kikiachwa juani kisha kusuuzwa. Ukungu hupigwa brashi nje ya nyumba, mbali na pua, na kitambaa huanikwa juani. Vidoa vyeusi kwenye pamba nyeupe huweza kutiwa dawa ya klorini kama Jik iliyozimuliwa, ambayo haifai kwa sufu. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na ndimu wala siki, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Kusuuza, kukausha na kuhifadhi

Makosa mengi hutokea kwenye kusuuza. Sabuni iliyobaki huamshwa na jasho la safari inayofuata na kuwasha ngozi. Tandiko lisuuzwe hadi maji yasitoe povu hata likikamuliwa kwa nguvu.

Pamba na katani zianikwe juani, kwenye kamba au juu ya jabali safi ambalo Mwanza halikosekani. Miale ya jua husaidia kuua vijidudu. Sufu ikaushwe kivulini penye upepo, ikiwa imelazwa. Sponji igeuzwegeuzwe, na isitumike mpaka kiini chake kikauke, kwani unyevunyevu hulainisha ngozi ya mgongo na kuifanya ichubuke upesi. Miezi ya Juni hadi Septemba kazi hii ni rahisi. Wakati wa vuli na masika, kaya inahitaji matandiko mawili ili moja likauke jingine likiwa kazini.

Kila punda awe na tandiko lake. Choa na upele huhama kupitia kitambaa, na vimelea vya choa hudumu humo miezi kadhaa. Tandiko la mnyama mgonjwa, likiwa la pamba, lichemshwe. Likiwa la sponji, ni salama zaidi kulichoma moto. Afisa mifugo wa kata aonyeshwe mnyama mwenyewe.

Tandiko linalotumika kila siku likung'utwe jioni, lipigwe brashi na kuanikwa, kisha lifuliwe mara moja kwa wiki, au mapema zaidi msimu wa joto. Wakati wa kufua, mgongo wa punda nao upigwe brashi, kwa maana kitambaa safi juu ya manyoya machafu hakidumu siku moja. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kutokana na biashara iliyopunguza wanyama hao barani. Kumlinda punda dhidi ya kisu ni jukumu la serikali. Kumlinda dhidi ya kidonda cha mgongo ni jukumu la mwenye punda, na vifaa vyake ni beseni, brashi, kipande cha sabuni na maji ya kutosha kusuuzia.