Askari, Mzio na Sugu: Istilahi za Kueleza Kazi ya Seli za Kinga katika Maradhi ya Macho

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za tiba katika Kiswahili hujadiliwa mara nyingi kwa kuangalia vigezo vya umbo: ufupi, uwazi na ulinganifu wa istilahi na mfumo wa sauti wa lugha. Kipo kigezo kingine chenye uzito usiopungua huo, nacho ni iwapo sitiari iliyomo ndani ya istilahi inamfikisha msomaji kwenye ukweli wa jambo au inampotosha. Makala haya yanakichunguza kigezo hicho kwa mfano wa mzio sugu wa macho, hususan aina yake inayowapata zaidi watoto wa kiume katika nchi za joto, zikiwamo za Afrika Mashariki. Hoja ya msingi ni kwamba sitiari ya askari, iliyozoeleka katika maelezo ya kinga ya mwili, haitoshi kuueleza ugonjwa huu, ilhali neno sugu, ambalo ni mali ya zamani ya lugha, linaueleza barabara.

2.0 Sitiari ya Askari na Mipaka Yake

Elimu kwa umma kuhusu UKIMWI, iliyoanza katika miaka ya 1980, ilieneza maelezo kwamba chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Sitiari hiyo ilifaa, kwa kuwa UKIMWI, kama jina lenyewe linavyobainisha, ni upungufu: askari wanapungua, adui anaingia. Mantiki yake ni kwamba kinga ikizidi ni heri na ikipungua ni shari.

Katika mzio, mantiki hiyo inapinduka. Vumbi na chavua havina uadui wowote na jicho. Watu wengi hukutana navyo kila siku bila kudhurika. Madhara yanatokana na seli za kinga zenyewe. Mzazi aliyezoea sitiari ya askari, akielezwa kwamba ugonjwa wa mwanawe unahusu seli za kinga, atahitimisha kwamba kinga imepungua, naye atatafuta cha kuiongeza. Kosa hilo si la mzazi bali ni la sitiari.

3.0 Mzio: Neno Linalofaa kwa Hatua ya Kwanza

Dhana ya aleji ilipewa jina na daktari Clemens von Pirquet mwaka 1906. Kiswahili kiliipa dhana hiyo neno mzio, ambalo katika maana yake ya asili ni chakula au kitu ambacho mtu au ukoo fulani hukatazwa, ingawa wengine hukitumia bila tatizo. Uteuzi huo ni wa busara, kwani unaweka wazi kwamba shida haimo katika kitu peke yake, bali katika uhusiano wa kitu hicho na mtu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika hatua ya kwanza ya ugonjwa. Chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope huishi seli masti, zilizojaa punje za histamini na kemikali nyingine. Juu ya seli hizo hushikamana kingamwili E. Kitu cha mzio kinapozigusa kingamwili hizo, seli masti humwaga punje zake katika muda wa dakika chache, na jicho huwasha, huwa jekundu na kutoa machozi. Mtu akiepukana na mzio wake, mara nyingi hali hutulia.

4.0 Sugu: Neno Linaloeleza Hatua ya Pili

Ugonjwa unapokuwa wa muda mrefu, kuepuka peke yake hakutoshi. Wagonjwa wengi wa aina hii hata hawaonyeshi dalili za kingamwili E katika vipimo vya ngozi. Hapa wahusika wakuu ni seli zinazohamia katika jicho kwa njia ya damu. Limfosaiti T saidizi za aina ya 2, ambazo kundi lake lilibainishwa katika panya mwaka 1986, hutoa protini ziitwazo intalukini. Intalukini 4 na 13 huchochea utengenezaji wa kingamwili E. Intalukini 5 hukuza eosinofili na kurefusha maisha yake. Eosinofili nazo hutoa protini zenye sumu zinazochubua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hadi kufanya kidonda. Wakati huohuo seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni huchochewa kupita kiasi, na ndani ya kope la juu huota vinundu vigumu vinavyoikwaruza konea kila jicho linapopepesa.

Kwa Mswahili, sugu kwanza ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama ilivyo katika kiganja cha mshika jembe. Kutoka hapo neno likapanuka na kumaanisha jambo lisilokoma upesi. Katika ugonjwa huu maana zote mbili zinakutana: mwasho wa mara kwa mara umeibadili tishu yenyewe. Hata hivyo, tahadhari inahitajika, kwani sugu huweza kueleweka kuwa ni ugonjwa usiopona, ilhali kwa watoto wengi hali hii hupungua baada ya kubalehe.

5.0 Mitego ya Tafsiri Sisisi

Istilahi mbili zinastahili kuangaliwa. Kwanza, jina la kimataifa la ugonjwa huu linautaja kuwa ni wa majira ya kuchipua, kwa sababu lilitokana na mazingira ya Ulaya. Katika nchi za tropiki, ambako ugonjwa huweza kudumu mwaka mzima, tafsiri ya neno kwa neno haina maana. Pili, anayefasiri seli masti kutoka Kiingereza huweza kudhani kwamba jina hilo linahusu mlingoti. Asili yake ni neno la Kijerumani Mast, lenye maana ya unenepeshaji. Paul Ehrlich, aliyezieleza seli hizo mwaka 1878, alidhani punje zake ni shibe iliyopita kiasi. Kwa hiyo utohozi ni salama zaidi kuliko tafsiri.

6.0 Hitimisho

Athari za uteuzi wa maneno haziishii katika kamusi. Matone yenye steroidi hutuliza seli za kinga na kuleta nafuu ya haraka. Lakini yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta glakoma, ambayo upofu wake haurudi nyuma. Mzazi anayeamini kwamba dawa imewaongezea askari nguvu hana sababu ya kuiogopa. Anayefahamu kwamba dawa inazituliza seli za mwili wenyewe ataelewa kwa nini haitakiwi kununuliwa kiholela. Inapendekezwa, basi, kwamba maelezo kwa umma yatofautishe seli kaazi, yaani masti, na seli hamaji, yaani limfosaiti na eosinofili. Na kwamba sitiari ya askari ibakizwe kwa maradhi yenye adui.