Kipimo ni Umri wa Simu

Septemba 2023 kampuni ya Apple ilizindua saa ya mkononi na kuitangaza kuwa bidhaa yake ya kwanza isiyoongeza kaboni hewani. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: hewa chafu ipunguzwe kiwandani kadiri inavyowezekana, na ile inayobaki ifidiwe kwa miti, ikiwemo mikalitusi iliyopandwa Paraguay. Agosti 2025 mahakama ya Frankfurt, Ujerumani, ikaipiga marufuku kampuni hiyo kutumia tangazo hilo nchini humo, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ya mikalitusi hiyo ilikuwa imekodiwa hadi 2029 tu, na baada ya hapo hakuna awezaye kumthibitishia mnunuzi kwamba miti itabaki imesimama. Haki itendeke: Apple huchapisha takwimu nyingi zaidi za mazingira kuliko washindani wake wengi, na ndiyo maana ni rahisi kuikosoa. Lakini katika mabishano yote hayo kuhusu miti, swali moja halikuulizwa kabisa. Saa hiyo itafanya kazi miaka mingapi?

Hoja ya makala haya ni kwamba uwajibikaji wa kampuni ya elektroniki kwa mazingira upimwe kwanza kwa miaka ambayo kifaa chake kinaweza kutumika, na kwa urahisi wa kukiongezea miaka hiyo kinapoanza kuchoka. Boksi la karatasi badala ya plastiki, umeme wa jua kiwandani, alumini iliyoyeyushwa upya, yote ni mema, ila yanakuja nyuma. Ushahidi unatoka kwenye ripoti za kampuni zenyewe. Simu moja ya iPhone ya miaka ya karibuni inakadiriwa kuzalisha kilo 60 hadi 70 za hewa ukaa katika maisha yake yote, na takriban asilimia 80 ya hizo hutoka wakati wa kuitengeneza, yaani kabla mnunuzi hajabandua nailoni ya kioo. Humo mna kobalti ya Kolwezi (Kongo hutoa zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani), mna koltani ya Kivu, na mna chipu zinazopikwa katika viwanda vinavyotumia umeme mchana na usiku pamoja na maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Mzigo huo ukishabebwa haushushwi tena. Kilichobaki ni kuugawanya kwa miaka miwili au kwa miaka saba.

Mpinzani wa kwanza atauliza kama simu mpya haili umeme kidogo kuliko ya zamani, na kwa hiyo kama kubadilisha hakulipi. Tupige hesabu. Betri ya mAh 4,000 hubeba kama wati-saa 15. Ukiichaji hadi ijae kila siku kwa mwaka mzima, pamoja na umeme unaopotelea kwenye chaja, utakuwa umetumia kama uniti 6 au 7 za Luku (kilowati-saa). Tuseme simu mpya inakula nusu ya hizo, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kwa simu mpya. Umeokoa uniti 3 na kitu kwa mwaka. Hata kama umeme wako wote unatokana na makaa ya mawe, ambayo hutoa kama kilo moja ya hewa ukaa kwa kila uniti, deni la kilo 50 lililochukuliwa kiwandani litachukua zaidi ya miaka kumi kulipika. Kwa friji mambo ni tofauti kabisa. Friji kuukuu inaweza kumaliza zaidi ya uniti moja kila siku, na kuiondoa kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Kanuni ya umri basi inavihusu hasa vifaa vinavyokula umeme kidogo na kugharimu mengi kuvitengeneza: simu, kompyuta mpakato, saa za kidijitali, vipokea sauti vya masikioni. Na hivyo ndivyo vifaa hasa tunavyoshawishiwa kuvibadilisha kila mwaka.

Jibu ambalo kampuni hulipenda zaidi ni urejelezaji: rudisha simu ya zamani, tutaitoa madini, tutatengenezea mpya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mtu anaweza kusema tatizo ni ukusanyaji, likitatuliwa mambo yatanyooka. Si kweli, kwa sababu kuna kikwazo cha kikemia. Tanuru zinazopokea bodi za simu zimejengwa kwa ajili ya shaba, dhahabu, fedha na paladiamu. Tantalamu, ile inayotokana na koltani, hushika oksijeni haraka na kwenda zake na mavi ya chuma. Yaani madini ambayo kijana wa Rubaya, huko Kivu, ameyachimba kwa sururu na kuyabeba mgongoni kwa kiroba hutumika mara moja tu. Kwa madini adimu yanayotumika kwenye sumaku za spika na mtetemo wa simu, ripoti hiyohiyo inasema urejelezaji unakidhi asilimia moja tu ya mahitaji. Apple ina roboti iitwayo Daisy inayochambua simu 200 kwa saa, hadi milioni 1.2 kwa mwaka. Ni mashine ya kupendeza kuitazama. Kampuni hiyo huuza zaidi ya simu milioni 200 kila mwaka.

Tuje kwenye betri, maana umri wa simu nyingi huamuliwa hapo. Betri ya lithiamu huzeeka kwa kutumika: kila mzunguko wa kuchaji na kuishiwa hunasa lithiamu kidogo isiyoweza kurudi kazini, hadi siku simu inazima ikiwa na asilimia 20. Simu yenyewe ni nzima. Zamani mwenye simu angefungua mfuniko wa nyuma kwa kucha na kuweka betri nyingine. Leo mtazame fundi wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au wa barabara ya Luthuli, Nairobi. Anapasha moto ukingo wa simu hadi gundi ilainike, anabandika kinyonyeo kwenye kioo na kukivuta, anapenyeza kadi nyembamba ya plastiki na kuitembeza pembeni kwa uangalifu, maana ndani kuna waya bapa, laini kama utepe, ambao ukikatika kioo kimekwenda. Kisha anafika kwenye betri, nayo imegandishwa kwa gundi. Akiikunja kupita kiasi inaweza kushika moto mkononi mwake. Na hapo tunazungumzia simu. Vipokea sauti visivyo na waya ni kisa kibaya zaidi. Mafundi wa iFixit, Marekani, walipovifungua AirPods vya kwanza walivipa sifuri kati ya kumi kwa urahisi wa kutengenezeka, kwa kuwa kibetri kilicho ndani hakitoki bila kuharibu kifaa chenyewe. Kibetri kikifa, kifaa hutupwa.

Watetezi wa gundi husema ndiyo inayozuia maji na kuruhusu simu kuwa nyembamba. Wembamba ni suala la ladha, na siwezi kubishana na ladha. Kuhusu maji, Samsung yenyewe ilishajibu mwaka 2014 kwa Galaxy S5, simu iliyokuwa na mfuniko wa kufunguliwa kwa mkono, betri ya kutolewa, na daraja la IP67, maana yake ilistahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Uwezo ulikuwepo. Hata kudumu kwa betri kumethibitika kuwa ni suala la uamuzi: kwa miaka mingi Apple iliahidi kwamba betri ya simu zake itabaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, kisha mapema 2024 ikatangaza kuwa iPhone 15 inafikia mizunguko 1,000.

Baada ya betri kuna kifo kingine, cha kimyakimya zaidi, nacho ni cha programu. Simu ya Android hupata masasisho kupitia mikono mitatu: Google huandika, mtengenezaji wa chipu huyarekebisha yaendane na chipu yake, kisha kampuni ya simu huyapeleka kwa mteja. Mmoja akiacha, mnyororo umekatika. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba miaka miwili au mitatu ndiyo mwisho wa uwezo wa kitaalamu. Oktoba 2023 Google ikaahidi miaka saba kwa Pixel 8, na miezi michache baadaye Samsung ikafuata kwa Galaxy S24. Si kwamba sheria za fizikia zilibadilika katikati ya 2023. Kwa simu za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu tunanunua, ahadi za namna hiyo ni nadra. Matokeo yake si ya kinadharia: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 na za kabla yake, na kwa mfanyabiashara mdogo wa Mwanza au Mombasa simu isiyo na WhatsApp imekufa hata kama kioo chake hakina mkwaruzo.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Kampuni hudai kuwa fundi wa mtaani anaweka vipuri feki, na betri feki hulipuka. Ni kweli, betri feki zipo na zingine ni hatari. Lakini zimejaa sokoni kwa sababu zile halali haziuzwi kwa fundi huyo, au zinauzwa kwa bei inayokaribia simu nyingine. Halafu kuna mbinu ya kufunga kipuri na simu kwa namba ya utambulisho, kiasi kwamba hata kioo halisi kilichotolewa kwenye simu nyingine ya aina ileile kinakataliwa. Mwaka 2021 ilibainika kwamba iPhone 13 ikibadilishwa kioo nje ya mtandao wa Apple, utambuzi wa sura unazimika. Kelele zilipozidi, kampuni ikalegeza. Jimbo la Oregon, Marekani, likapitisha sheria mwaka 2024 ya kukataza mbinu hiyo kwa vifaa vipya. Anayejali usalama kweli angeuza betri halali kwenye kaunta za Kariakoo na kuambatanisha mwongozo wa kuibadilisha.

Kwa nini basi kampuni hazifanyi hivyo? Jibu limo katika barua ambayo Tim Cook, akiwa mkuu wa Apple, aliwaandikia wawekezaji Januari 2019. Mwishoni mwa 2017 kampuni ilikuwa imekiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, na ili kuwatuliza wateja ikashusha bei ya kubadilisha betri hadi dola 29. Watu wakamiminika. Mwaka mmoja baadaye Cook akieleza kwa nini mauzo yameshuka kuliko ilivyotarajiwa, alitaja miongoni mwa sababu zake kwamba wateja walitumia nafasi ile ya betri za bei nafuu. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kama huu. Watu walipopewa njia nafuu ya kurefusha maisha ya simu waliitumia, na aliyeumia ni muuzaji. Wanaosema kwamba mteja mwenyewe ndiye anayetaka simu mpya kila mwaka waisome barua hiyo. Na ndiyo maana kuwaachia wenye viwanda wajidhibiti kwa hiari hakutoshi.

Umoja wa Ulaya umeacha kubembeleza. Tangu Juni 2025 simu inayoingia soko lake inatakiwa iwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, vipuri vipatikane miaka saba tangu modeli iache kuuzwa, na masasisho miaka mitano. Februari 2027 inaanza kanuni ya betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa mwenyewe. Sisi tutafaidika kwa mlango wa nyuma, maana simu nyingi za mtumba zinazofika Dar es Salaam na Nairobi kupitia Dubai zilianzia katika masoko ya matajiri. Lakini kuna mitego miwili. Simu zilizobuniwa mahsusi kwa ajili ya Afrika haziuzwi Ulaya, kwa hiyo hakuna kinachomlazimisha mtengenezaji kuzipa ubora huo, na tunaweza kuishia na dunia ya simu za kudumu kule na simu za msimu huku. Mtego wa pili ni wa fedha. Mtengenezaji hulipa mchango wa kushughulikia taka katika nchi ambako simu iliuzwa mara ya kwanza. Simu hiyo ikihamia Tanga kwa mmiliki wa pili na kufia huko, mchango hubaki Ulaya. Mwafrika huzalisha kilo 2.5 za taka hizi kwa mwaka na Mzungu 17.6, ila bara letu hurejeleza kwa utaratibu rasmi chini ya asilimia moja. Marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliyoanza Januari 2025 yanataka ridhaa ya nchi inayopokea kabla taka yoyote ya kielektroniki haijasafirishwa, lakini simu inayowaka si taka kisheria, hata ikiwa imebakiza miezi sita.

Wengine watasema soko letu ni dogo na halina nguvu ya kumwamuru mtengenezaji wa Shenzhen. Kumbukumbu zinasema vingine. Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, na viwanda havikususa. Vililinda nafasi yao sokoni kwa kuleta simu zenye namba halali za utambulisho. Kenya imeshaweka kanuni za 2024 zinazombebesha mtengenezaji na mwagizaji mzigo wa bidhaa zao zikishakuwa taka, na Tanzania ina kanuni zake za taka za kielektroniki za 2021. Zote zinaanza kufanya kazi pale kifaa kinapokufa. TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambazo huidhinisha kila modeli kabla haijaingia sokoni, hukagua kama simu inaendana na mitandao na kama mionzi yake iko ndani ya viwango. Katika fomu hiyohiyo mwagizaji angeweza kutakiwa ajaze mambo mengine matatu: mwaka ambao masasisho ya usalama yatakoma, mahali ambapo fundi yeyote atanunua betri halali, na bei yake. Kisha yote matatu yachapishwe nje ya boksi, kando ya idadi ya megapikseli.