Mvua ya Kilimanjaro: ya Wapi, Tangu Lini, Miezi Ipi?

Ukitoka Moshi mjini ukapanda kupitia Kibosho hadi ndani ya msitu, asubuhi moja inatosha kukuvusha kutoka nchi kavu hadi nchi ya mvua. Mjini, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Kwenye mita 2,200 hivi, mteremko wa kusini unaokabili pepo za Bahari ya Hindi hupata karibu milimita 3,000. Juu zaidi mvua hupungua tena, na kileleni Kibo, mita 5,895, kiasi kinachoanguka ni cha jangwani. Rongai, upande wa kaskazini, mambo ni mengine kabisa. Anayesema mvua ya Kilimanjaro imepungua, basi, aulizwe kwanza: ya wapi?

Aulizwe pia: tangu lini? Vuli ya mwaka 1961 ilileta mafuriko karibu Afrika Mashariki nzima, na miaka michache iliyofuata Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita moja. Mchambuzi anayeanzisha hesabu yake mwaka huo yuko hatarini kupata mstari unaoshuka, hata kama mvua haijabadilika. Akiifunga hesabu kwenye El Niño ya 1997, mstari utainuliwa mwishoni bila sababu ya maana.

Ndiyo maana wataalamu wengi hawaridhiki na mstari wa kawaida wa wastani. Hutumia kipimo cha Mann-Kendall, ambacho ukikiangalia vizuri ni hesabu ya mtoto wa shule: chukua kila mwaka, ulinganishe na kila mwaka uliokuja baada yake, uhesabu ni mara ngapi mvua imeongezeka na ni mara ngapi imepungua. Miaka 50 hutoa jozi 1,225. Kama kupanda na kushuka kunakaribiana, hakuna mwelekeo wa kutangaza. Ukubwa wa badiliko hutafutwa kwa njia ya Pranab Kumar Sen ya mwaka 1968: unapata kasi ya badiliko katika kila jozi, unazipanga zote kwa ukubwa, kisha unachukua iliyoko katikati. Gharika ya mwaka mmoja haina nguvu ya kuivuta namba hiyo.

Lakini hesabu nzuri haiponyi daftari bovu. Kipimamvua kikihamishwa mita chache tu karibu na mti wa mgrevilea unaokua, kitaanza kuonyesha ukame ambao haupo. Setilaiti nazo zina kasoro yake hapa. Ramani za mvua zinazotumika sana zimegawanywa kwa vipande vya kilomita tano hivi, na kwenye mlima huu kilomita tano zinaweza kubeba kahawa, migomba na msitu mnene ndani ya namba moja.

Tukio kubwa kuliko yote huenda lilipita kabla ya daftari la kwanza kufunguliwa. Karibu mwaka 1880 maji ya Ziwa Victoria yalishuka kwa ghafla, dalili kwamba ukanda huu uliingia kipindi kikavu zaidi. Utawala wa Wajerumani na vipimo vyake ulikuja baadaye. Barafu ya Kibo ndiyo iliyobaki kama shahidi. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Karne moja baadaye hazikufika mbili. Kwenye kimo kile hewa mara nyingi ni baridi chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo baadhi ya watafiti huutupia jicho upungufu wa theluji mpya pamoja na joto: theluji nyeupe hurudisha mwanga wa jua, na isipoanguka, jua huila barafu moja kwa moja.

Swali la tatu mkulima analijua kuliko mwenye kompyuta: miezi ipi? Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2010, masika ya Afrika Mashariki yalipungua, ingawa mifumo ya kompyuta ilitabiri yangeongezeka. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba msimu ulifupika: ulichelewa kuanza, ukawahi kuisha, huku ukali wa mvua yenyewe ukibaki vilevile. Baadaye ikaja miaka ya masika mazito, kama 2018 na 2020. Kwa mwenye mahindi, wiki mbili za kuchelewa ni hasara ambayo jumla ya mwaka huificha kabisa, hasa vuli ikiwa nzuri.

Kuna na maji yasiyoingia kwenye kipimo. Misitu ya juu hunasa ukungu kwenye majani na kuvumwani, matone yakadondoka hadi kwenye vijito vinavyolisha mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia ya Wachaga. Mioto ya miongo ya karibuni imeushusha mpaka wa juu wa msitu huo. Maji ya ukungu hayaandikwi kwenye daftari la mvua, hivyo yanaweza kupotea kwa wingi huku mstari wa mvua ukibaki umenyooka.