Kunakili Mafaili: Amri ya Zamani au ya Kisasa?

Kila mwisho wa muhula tunahamisha vitu: notisi, mihadhara iliyorekodiwa, data za utafiti, picha za field. Wengi wetu tunaburuta kwa kipanya halafu tunaomba Mungu umeme usikatike. Wachache wanaotumia Linux huandika cp na kuhesabu kazi imeisha. Swali ni je, imeisha kweli?

cp si ya juzi. Ilikuwamo kwenye Unix ya mwaka 1971, na hadi leo kazi yake ni ile ile: inasoma hapa, inaandika pale, haiulizi kitu. Kwa faili moja au mawili, huna haja ya kutafuta amri nyingine.

Shida inaanza folda ikiwa na GB 20 na flashi ikachomoka katikati. Ukirudia cp, inaanza upya tangu faili la kwanza. Wajanja watakwambia, "Tumia cp -u, inanakili yale mapya tu." Hapo ndipo penye mtego. cp -u inaangalia muda. Faili lililokatika nusu limeandikwa sasa hivi, kwa hiyo linaonekana jipya kuliko la asili, na amri inaliruka. Unabaki na sura ya nne isiyofunguka, wala hakuna ujumbe wa kukushtua.

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, walitoa rsync. Kwa sisi tunaosomea ualimu, tofauti ni rahisi kuiona. cp ni mwanafunzi anayenakili ubao mzima kuanzia tarehe. rsync ni yule anayefungua daftari kwanza aone aliishia wapi. Inalinganisha ukubwa wa kila faili na muda lilipobadilishwa, yanayolingana inayaacha. Tena huandika kwanza kwa jina la muda, na faili likikamilika ndipo linapewa jina lake. Safari ikikatika, hukuti nusu faili linalojifanya zima.

Kupitia mtandao inaokoa hata bando. Inagawa faili katika vipande, inapiga hesabu fupi ya kila kipande pande zote mbili, kisha inatuma vile tu vilivyobadilika. Ukiongeza majibu ya wahojiwa kumi mwishoni mwa jedwali la CSV la MB 300 ambalo tayari liko kwenye seva, hutumi tena MB 300.

Kwa flashi, jaribu hii:

rsync -rt --progress --modify-window=1 Utafiti/ /media/flashi/Utafiti/

Hicho kipengele cha modify-window kinahitajika kwa sababu flashi za FAT32 hutunza muda kwa hatua za sekunde 2. Bila hicho, faili lile lile linaweza kuonekana limebadilika.

Unatumia Windows? Usijali. robocopy imo humo humo tangu Windows Vista, nayo huruka yaliyokwisha kunakiliwa:

robocopy C:\Utafiti E:\Utafiti /E /FFT

Lakini amri hizi za kisasa zina makali. Ukiweka --delete kwenye rsync, au /MIR kwenye robocopy, chochote kilichoko upande wa pili lakini hakipo kwenye chanzo kinafutwa. Ukikosea ukageuza mpangilio, flashi tupu ikawa ndiyo chanzo, kazi yako ya mwaka mzima inakwenda na maji. Jaribu kwanza kwa -n kwenye rsync au /L kwenye robocopy: itakuonyesha itakachofanya bila kugusa kitu.

Kwa hiyo tusiitupe cp. Ibaki kwa kazi ndogo. Ila kwa kitu usichoweza kukiandika upya, tumia amri inayolinganisha. Na ikimaliza, iendeshe mara ya pili. Isipokuta faili la kunakili, hapo chomoa flashi yako kwa utaratibu, ukalale.