Uteuzi wa Kiolesura cha R kwa Mwanaisimu Anayeanza

R ni programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo lake la 1.0.0 lilitolewa mwaka 2000. Haiuzwi, lakini humtaka mtumiaji aandike amri mwenyewe. Ili kumpunguzia anayeanza mzigo huo, vimebuniwa violesura, yaani madirisha yenye orodha za kazi zinazochaguliwa kwa kubofya. Makala haya yanakusudia kueleza sifa ambayo mwanaisimu anapaswa kuitazama kwanza anapoteua kimojawapo.

Aghalabu watu huteua kwa kutazama wepesi. Wepesi ni sifa njema, ila hautoshi. Tuchukue mfano wa upatanisho wa kisarufi. Tuseme mtafiti amewasikiliza wanafunzi 30 wa mjini na 30 wa mashambani. Miongoni mwa wale wa mjini, 20 walisema “rafiki yangu” na 10 “rafiki wangu”. Miongoni mwa wale wa mashambani, 12 walisema “rafiki yangu” na 18 “rafiki wangu”. Je, tofauti hiyo ina maana, au imetokea kwa bahati tu?

Mtafiti akiandika katika R amri ya kawaida ya kipimo cha kai-skwea, atapata 3.28, ambayo haifikii 3.84, mpaka unaotumiwa katika kiwango cha asilimia 5. Akibofya kipimo hichohicho katika R Commander, atapata 4.29, ambayo inaupita mpaka huo. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kwa jedwali la safu mbili kwa mbili, R hutumia marekebisho ya Yates, ya mwaka 1934, bila kuagizwa. R Commander huagiza yasitumiwe. Hivyo basi, watafiti wawili wenye data moja wanaweza kutangaza mahitimisho yanayopingana, na msomaji asijue sababu.

Kinachoifichua sababu hiyo ni amri. R Commander, iliyotungwa na John Fox wa Kanada, huandika mbele ya mtumiaji amri ya kila kazi aliyoibofya. Jamovi, inayoitegemea R pia, ina sura nyepesi zaidi: data huonekana kando ya majibu, na majibu hubadilika papo hapo data inapobadilishwa. Hata hivyo, amri zake hazionekani mpaka mtumiaji achague zionyeshwe. RStudio nayo ni karakana ya mtu anayeandika amri mwenyewe. Humfaa mwanafunzi katika hatua ya pili.

Kwa hiyo, yafaa mwalimu amwanzishe mwanafunzi kwa kiolesura kinachoonyesha amri, na kama ni jamovi, sehemu hiyo iwashwe tangu siku ya kwanza. Tena, amri zilizotumika ziambatishwe na kila tasnifu au makala yenye takwimu, ili msomaji aweze kuirudia hesabu kabla ya kulikubali dai lolote kuhusu lugha.