Damu Iponyayo: Mpaka Wake Uko Wapi?



Bwenini kwetu kuna ubishi usiokwisha juu ya sinema iitwayo Star Trek Into Darkness, ya mwaka 2013. Ndani yake damu ya mtu aitwaye Khan yamfufua nahodha Kirk aliyekwisha kufa. Wengine husema mtu kama huyo angalipatikana Kampala, hospitali ya Mulago ingalifungwa kwa kukosa wagonjwa. Mimi nasema, tupige hesabu kwanza.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akienda Benki ya Damu ya Nakasero hutolewa kama mililita 450, kisha mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena. Basi Khan angetoa mara 4 kwa mwaka, na kila mara kundi la damu yake lingepaswa kupatana na la mgonjwa. Mulago isingefungwa.

Hata hivyo, jambo hili si hadithi tupu. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, huko Kongo, na kati ya wagonjwa 315 walikufa kama 250. Madaktari wakachukua damu ya waliopona, wakawatia wagonjwa 8. Akafa 1 tu! Habari hiyo ilisimuliwa miaka mingi. Lakini tazameni vizuri. Wale 8 walitiwa damu wakati ugonjwa ulipokuwa ukielekea kwisha na uangalizi umekuwa bora; tena mgonjwa aliyekwisha kustahimili siku kadhaa huelekea kupona mwenyewe. Je, aliyewaponya ni damu au ni wauguzi? Watu 8 hawatoshi kujibu.

Mwaka 2015 huko Guinea wagonjwa 84 wa Ebola walipewa maji ya damu ya waliopona, yaani plazima. Haikuonekana kuwa yaliokoa maisha zaidi. Mulago nako, mwaka 2020, walichaguliwa wagonjwa 136 wa Korona, karibu nusu wakapewa plazima. Hawakupona upesi kuliko wenzao.

Sababu ni kwamba kiponyacho si damu yenyewe, bali kingamwili zilizomo, ambazo mwili huziunda ili kumkamata adui mmoja aliyemjua. Chupa moja huweza kuwa nazo nyingi, na nyingine chache mno, wala jicho halioni tofauti.

Ndipo wataalamu wakamrudia mtu mmoja aliyepona Kikwit. Miaka 11 ilikuwa imepita, na damu yake ilikuwa haijasahau. Wakachagua kingamwili moja tu, wakaitengeneza kwa wingi, wakaiita mAb114. Ilijaribiwa Kongo mwaka 2018 na 2019: waliopewa walikufa 35 katika kila 100, na waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa 50. Waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, walikufa kama 10 tu. Maiti haikufufuka, lakini nadhani hapo ndipo Khan alipokaribiwa.

Umebaki mpaka ulio mgumu kuliko yote. Kingamwili hiyo humkamata Ebola wa aina ya Zaire. Aliyeingia Gulu mwaka 2000, akaua watu 224, Daktari Matthew Lukwiya miongoni mwao, alikuwa wa aina ya Sudan. Ndiye aliyezuka Mubende mwaka 2022, na Kampala Januari 2025. Mgonjwa wa Kampala angalipewa dawa ile iliyotoka katika damu ya Kikwit, chupa juu ya chupa, isingalimfaa kitu.